Upepo Kwenye Breki

Haya yalimpata rafiki yangu Luqmani, fundi wa magari pale Ngamiani, na si mtu wa kuongopa. Alikuwa akifufua lori la zamani alilolikuta limetelekezwa porini Mkwaja. Kesho yake lilitakiwa kupeleka watu harusini Horohoro, lakini breki zilikataa. Alizitoa upepo mchana kutwa, na pedeli bado ilizama kama godoro.

Jioni mvua ikafunga, umeme ukakatika, gereji ikawa giza. Mkewe, Semeni, alikaa kwenye usukani, yeye akalala chini ya lori na tochi ya simu.

“Kanyaga!”

Akalegeza nati ya kutolea upepo kwenye breki ya gurudumu la nyuma. Mpira mwembamba aliouchomeka hapo ukatoa mapovu ndani ya chupa ya mafuta ya breki. Hayakwisha.

“Semeni, basi, acha kukanyaga!”

“Sikanyagi, baba Tausi. Nilishashuka, niko mlangoni mwa gereji.”

Akamulika. Kweli, miguu yake ilikuwa mlangoni. Mapovu yalitoka, yakatulia, mafuta yakanyonywa kurudi mpirani, kisha yakatoka tena taratibu. Luqmani alikaza nati mpaka kiganja kikachubuka. Hayakukoma.

“Baba Tausi, kuna nini?” Semeni aliita.

Mapovu yakakatika hapo hapo, kama mtu aliyebana pumzi ili asikie vizuri.