Dawa Kutoka Juu

Mama Bonge na mumewe walikuwa na chumba kimoja tu, lakini ndani mlijaa vitu vya nyumba kubwa. Kulikuwa na birika lisilo na kifuniko. Kulikuwa na pazia refu kuliko dirisha, likifagia sakafu. Kulikuwa na saa ya ukutani iliyokataa kwenda mpaka uilaze chali. Basi ililazwa juu ya sanduku, na aliyetaka kujua saa aliinama. Vitu vyote hivyo vilitoka Juu.

Juu ni mtaa wa matajiri, kule kilimani. Chini ni bondeni, wanakoishi wanaowafulia, wanaowapikia na wanaowalindia mageti. Mama Bonge alikuwa dobi katika nyumba moja ya Juu. Alifua na kupiga pasi kila siku isipokuwa Jumapili. Tajiri yake hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na mkono wa birika. Kila alipopanga kabati lake alimwita, "Mama Bonge, chukua hiki, kitakufaa." Mama Bonge alichukua. Angekataaje?

Mumewe alikuwa fundi viatu, na domo halimkauki.

"Ipo siku utaniletea na mume kutoka Juu," alisema, "mguu mmoja hana."

Bonge alikuwa mtoto wao wa pekee. Hakuwa ametimiza miaka miwili. Jina hilo alipewa na baba yake kwa utani, maana hakuwa na nyama hata ya kumshibisha mbu.

Wiki moja Bonge alianza kukohoa. Alhamisi asubuhi aliamka na homa.

"Mtoto anachemka," alisema fundi. "Tumpeleke zahanati."

"Leo? Jumatatu Juu wanakuja wageni. Mashuka ya nyumba nzima yanataka pasi! Nisipokwenda, nitakuta dobi mwingine kasimama mahali pangu."

Hakuwa anatia chumvi. Dobi aliyemtangulia aliomba ruhusa ya kumuuguza mtoto. Aliporudi, geti halikufunguliwa. Tangu asikie habari hiyo, Mama Bonge hakuwahi kuomba ruhusa hata ya kwenda msibani.

Aliinama akatoa chupa ndogo chini ya kitanda. Ilikuwa dawa ya maji, ya rangi ya waridi. Mwezi uliopita mtoto wa tajiri yake alikohoa, akapewa hiyo, akapona. Iliyobaki tajiri alimpa Mama Bonge.

"Mke wangu, hiyo si aliandikiwa mwingine?"

"Mtoto ni mtoto. Zahanati watatupa vidonge vya bure. Hii ni dawa ya matajiri."

"Kiasi gani sasa?"

"Kijiko."

Bonge alimeza akakunja uso. Mama yake alimbusu, akamwacha na baba yake kwenye meza ya viatu kando ya njia, akapanda kilima.

Siku ile mikono yake ilikuwa Juu, roho yake ilikuwa Chini. Mara mbili alisahau pasi juu ya shuka, akaiwahi shuka likianza kunuka. Jioni alishuka mbio.

"Vipi?"

"Vile vile," alisema fundi. Hakutania.

Ijumaa ikawa vile vile. Jumamosi Bonge hakutaka hata kuchezea nyundo ya baba yake. Mama Bonge aliongeza kijiko, akaomba Mungu.

Jumapili asubuhi walisikia hodi. Alikuwa Mama Mizani, mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya mizani aliyotembea nayo begani. Alipita nyumba kwa nyumba, akaining'iniza mlangoni, akawapima watoto.

Mama Bonge alisimama mlangoni, akauziba.

"Bonge amelala, dada. Pita siku nyingine."

Aliona aibu. Alijua ataulizwa kwa nini hakumpeleka mtoto zahanati. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Bonge alikohoa ndani, kikohozi kikavu kisichokwisha.

"Huyo ndiye aliyelala?" aliuliza Mama Mizani, akapita.

Alimvua Bonge shati, akamtazama kifua. Kisha akamwita mama yake.

"Njoo uone. Tazama hapa chini ya mbavu. Akivuta pumzi panabonyea. Na anavyohema, utadhani alikuwa anakimbia. Mtoto akiwa hivi, hatungoji kesho. Umempa dawa gani?"

Mama Bonge alimpa chupa.

"Hii ni unga, huchanganywa na maji," alisema Mama Mizani. "Ikishachanganywa haina maisha marefu. Ni siku chache tu, tena mahali pa baridi. Hii ilifunguliwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi! Na ilikuwa chini ya kitanda, kwenye joto hili? Tena dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto anayeumwa. Hii walimpimia mwingine."

"Lakini yule wa Juu alipona!"

"Alipona kwa sababu alipelekwa mapema, akapimwa, akapewa yake."

Mama Bonge alikaa chini.

"Nimemuua mwanangu."

"Hujamuua. Utalia baadaye. Sasa hivi mbebe twende."

Zahanati, muuguzi alimpima Bonge uzito, akasema ni nimonia. Alitia kidonge cheupe kwenye maji kidogo. Kikayeyuka.

Mama Bonge alikitazama kwa wasiwasi.

"Ni hiki tu? Hakuna ile ya maji?"

"Mama, ni dawa ile ile," alisema muuguzi. "Ile ya chupa imetiwa rangi na utamu. Mpe mpaka ziishe zote, hata akipata nafuu. Usibakize ya kumpa jirani. Na leo mtalala hapa, tumwangalie. Bado ananyonya, kwa hiyo wewe hutoki."

"Na kesho?"

"Hata kesho."

Kesho ilikuwa Jumatatu ya wageni. Mama Bonge aliona akilini geti la Juu likifungwa. Bila kazi ile watakula nini? Alimtazama mwanawe, kifua kikipanda na kushuka. Akamvuta karibu, akamnyonyesha. Hakutoka.

Jumanne Bonge aliomba uji. Fundi viatu alikimbia kuutafuta huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Jumatano, baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, Mama Bonge alipanda kilima. Mlinzi alimtazama, akafungua geti polepole. Tajiri yake alikuwa chumba cha pasi, kando ya lundo la mashuka.

"Mama Bonge, umenitupa! Wageni wamelalia mashuka yaliyokunjamana."

"Mama, mwanangu alikuwa mahututi. Nilimpa ile dawa uliyonipa."

"Ile? Mbona ilikuwa dawa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri kwa mwanao, wakati wake. Mimi ilinipotezea siku tatu."

"Kwa nini hukumpeleka zahanati mara moja?"

"Kwa sababu ya mashuka, mama."

Tajiri aliyatazama mashuka. Mama Bonge alishayavulia maji nguo.

"Umenipa vingi, na ninashukuru. Dawa usinipe tena. Mwanangu akiugua, nipe ruhusa."

"Ungeniomba, ningekupa."

"Dobi wa kabla yangu aliomba."

Tajiri aliketi juu ya lundo la mashuka kama mtu aliyechoka. Mama Bonge alingoja kuambiwa atoke.

"Mtoto yuko wapi sasa?"

"Kwa baba yake."

"Basi leo rudi kwake. Akiugua tena, mwambie mlinzi, uende. Sitakukata mshahara."

"Na haya mashuka?"

"Yatangoja. Hayana homa."

Mama Bonge alishuka kilima akilia, na safari hii aliyaacha machozi yatoke.

Bonge alimaliza vidonge vyote. Mwezi uliofuata Mama Mizani alipiga hodi. Safari hii mlango ulikuwa wazi. Mama Bonge alimleta mwanawe amevaa shati zito la Juu, lenye vifungo vya shaba na mikono iliyokunjwa mara tatu. Akaanza kumpandisha kwenye mizani.

"Ngoja," alisema Mama Mizani. "Mvue hilo shati. Nataka uzito wake yeye."

Wakamvua. Bonge alining'inia mtupu mlangoni, akirusha miguu na kucheka. Mshale ukapita uzito aliopimwa zahanati mwezi uliopita.

"Haya, jamani," alisema fundi viatu, "jina limeanza kumkaa."