Mgonjwa wa Kwanza wa Panit

Maiti ya Doktora Milagros Hortillosa ilikuwa imelala kifudifudi ndani ya chumba baridi, katikati ya ndoo za ngozi za samaki. Kisogo kilikuwa kimepasuka na damu ilikwisha kuganda. Mkono wa kulia ulikuwa bado umekamata kitambaa.

Inspekta Nerissa Sumagaysay alichuchumaa, akakinusa.

"Kahawa," alisema.

"Mimi nasikia samaki tu, afande," alijibu Sajini Palabrica, kola ya shati imemziba pua. "Samaki mpaka kwenye meno."

"Basi funga mdomo."

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, Jumanne. Panit ilikuwa kampuni ya watu sita pembezoni mwa jiji la Iloilo. Walichukua ngozi za perege zilizokuwa zikitupwa sokoni, wakazitakasa, wakatengeneza bandeji za watu walioungua moto. Doktora Mila ndiye aliyeibuni kazi hiyo, na jiji zima lilimjua.

Daktari wa polisi alivua glavu.

"Pigo moja. Kitu kizito chenye ukingo mnyoofu. Amekufa papo hapo, kabla ya saa moja. Ila hakufia humu, Inspekta. Angalia ncha za viatu. Ameburutwa."

Aliburutwa kutoka maabara, mlango wa pili. Pale sakafuni palikuwa na kahawa iliyofutwa nusu, na kikombe kilichovunjika. Kikombe kingine kilikuwa mezani, kimejaa, kimepoa. Kando ya ukuta zilipangwa trei za chuma za kuanikia ngozi. Zote zilikuwa kavu isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa imeoshwa.

Mtaalamu wa alama za vidole aliinama juu ya meza.

"Hizi ni karatasi gani, afande?"

Ilikuwa fomu ya kuomba ruzuku ya utafiti kutoka serikalini. Kurasa arobaini, zimejazwa zote, zinasubiri sahihi. Nerissa alizihesabu, akazihesabu tena: thelathini na tisa.

Ukurasa wa kumi na saba haukuwapo.

*

Aliyeikuta maiti alikuwa Divina Katalbas, meneja, mmoja wa wabia watatu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki.

"Uliingia saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Mlinzi ameandika. Tulikuwa na kikao saa tatu."

"Kikao cha nini?"

"Kupiga kura. Tuombe ruzuku au tuache. Mwisho wa kupeleka fomu ni leo jioni."

"Nani alitaka, nani hakutaka?"

"Mila alitaka. Na mimi nilitaka, Ma'am, nani asingetaka? Hospitali haziwezi kutumia bandeji zetu bila majaribio makubwa, na majaribio makubwa sisi hatuyawezi peke yetu. Ramil alikataa. Jana alipiga meza mpaka simu yangu ikaanguka."

"Alisema nini?"

Divina alitazama chini. "Alisema fomu hiyo itatoka humu ndani akiwa amekufa yeye mwenyewe."

Palabrica aliandika haraka, ulimi umemtoka kidogo.

Ramil Jaranilla, mkurugenzi, alikuwa amekwisha kuwa na jibu kabla ya kuulizwa.

"Najua mnachofikiria. Lakini nilikuwa na sababu. Sisi ni watu sita, Inspekta. Mwombaji mmoja kati ya kumi ndiye anayepata. Na ukipata, kila miezi mitatu ripoti, kila ripoti viambatisho, kila kiambatisho mihuri. Nani atakwangua ngozi? Nani atatengeneza bandeji? Tungegeuka makarani wa serikali."

"Ndiyo maana ulipiga meza?"

"Nilichoka kubishana."

"Uliingia saa ngapi leo?"

"Saa moja kasoro dakika ishirini. Nikapanda moja kwa moja ofisini. Nilikuwa nazungumza na kaka yangu aliyeko Dubai mpaka saa moja na robo. Simu hii hapa."

"Hukushuka kunywa kahawa na Doktora?"

"Nina vidonda vya tumbo. Muulize yeyote."

"Ukurasa wa kumi na saba unasema nini?"

Uso wa Ramil ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Sikumbuki."

"Fomu uliyoipigia meza huikumbuki?"

"Ina kurasa arobaini!"

"Mimi nimekuuliza mmoja."

Palabrica alirudi na rekodi za simu. Mazungumzo ya Dubai yalikuwa ya kweli, dakika thelathini na moja.

"Basi sio yeye," sajini alinong'ona, amevunjika moyo. "Na anavyofanana na muuaji."

*

Kitabu cha mlinzi kilionyesha kwamba watu watatu tu waliingia kabla ya saa moja. Doktora, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Esteban Gorriceta, saa kumi na mbili na dakika kumi. Ramil, nusu saa baadaye.

Esteban alikuwa mkwanguaji, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye mikono iliyokatwakatwa na magamba. Walimkuta kibandani kwake, uani, akikwangua ngozi ileile iliyokwisha kuwa safi.

"Manong Esteban," Nerissa alimwita kwa heshima, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa. "Asubuhi ulimwona Doktora?"

"Nilimsalimia."

"Halafu?"

"Halafu nikafanya kazi yangu. Ngozi hazingoji."

"Umefanya kazi hapa muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Ulimfahamuje?"

Kisu kilisimama. "Alimtibu mke wangu."

"Akapona?"

"Hapana, Ma'am."

Nerissa alirudi maabara. Mtaalamu wa alama alikuwa akimsubiri na kipande cha kikombe kilichovunjika.

"Huyu hakuwa mtu wa ofisini. Hapa kwenye mkono wa kikombe pamenasa gamba la samaki. Na kwenye ukurasa wa kumi na nane yako mawili, pamoja na kidole gumba kizuri tu, kina kovu katikati."

"Kompyuta ya marehemu imefunguka?"

"Divina ametupa neno la siri."

Waliuchapa upya ukurasa uliokosekana. Sehemu hiyo ya fomu ilimtaka mwombaji ataje majaribio yote yaliyowahi kufanywa kwa binadamu, yakiwemo yaliyoshindwa. Chini yake Doktora Mila alikuwa ameandika kwa maneno machache:

*Mgonjwa wa kwanza, L.G., mwanamke, miaka arobaini na moja. Aliungua kifua na mikono kwa mafuta ya moto. Jeraha lilikuwa linapona. Siku ya tisa alipata sumu ya damu, iliyotokana na bandeji yetu ambayo haikutakaswa vya kutosha. Alifariki siku ya kumi na mbili. Familia iliambiwa kuwa ameuawa na majeraha. Haikuwa kweli.*

Palabrica alisoma, akasoma tena.

Nerissa alimwita Divina, akamwekea karatasi mbele.

"L.G. ni nani?"

Divina alianza kulia kabla hajamaliza mstari wa kwanza. "Luz. Luz Gorriceta. Nilimwambia Mila aruke sehemu hiyo. Nilimwambia tuandike kwamba hakuna. Nani angejua? Yeye akasema kama tunaomba, tunaomba na hilo ndani. Ramil akasema basi tusiombe kabisa."

"Mlijua wote watatu?"

"Tangu siku ile ile."

"Na mkamwajiri mumewe?"

"Alikuja mwenyewe! Baada ya mazishi. Alisema anataka kusaidia, ili mwingine apone. Miezi sita ya kwanza alikataa mshahara. Tungemwambia nini, Ma'am? Tungemwambia nini?"

Inspekta Nerissa alikuwa amefanya kazi ya upelelezi miaka kumi na tisa, na alikwisha kuona maiti za kila namna. Lakini karatasi ile aliikunja polepole kabla ya kutoka kwenda uani.

*

Esteban hakukimbia wala hakukataa. Kituoni Nerissa alimsomea haki zake: kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba anaweza kusubiri wakili. Alisikiliza mpaka mwisho, akatia mkono ndani ya shati na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imelowa jasho na kunuka samaki.

"Nimeichukua kwa sababu Luz yumo," alisema.

"Nani alikuonyesha?"

"Doktora mwenyewe. Alinisubiri mlangoni. Akaniambia, Manong, njoo kwanza tunywe kahawa. Nikajua kuna jambo, kwa sababu alijimiminia chake asikiguse. Akanipa nisome. Mimi nasoma taratibu, Ma'am. Alinisubiri nimalize."

"Akasema nini?"

"Akasema, nimekosa, nilitaka ulisikie kwangu kabla halijaenda serikalini, Manila. Nikamuuliza, miaka mitatu ulikuwa wapi? Akasema aliogopa. Nikamuuliza, leo huogopi?" Esteban alikiweka kiganja juu ya karatasi, akailainisha mikunjo. "Nikamwambia, serikali imekuuliza mara moja tu, kwa karatasi, na umeijibu. Mimi nilikuwa nakuuliza kila siku. Nilikuwa nakuuliza, Doktora, Luz aliumia sana? Ulikuwa unaniambia hapana, alilala tu."

"Halafu?"

"Kikombe kikaniponyoka. Akasema, usijali Manong, nitafuta. Akainama na kitambaa. Trei ilikuwa karibu. Sikumbuki kuinua. Nakumbuka mlio."

"Kwa nini chumba baridi?"

"Ndiko tunakoweka vitu visiharibike. Sijui, Ma'am. Nilikuwa sijui ninachofanya. Nikaosha trei, nikarudi kukwangua."

Palabrica aliacha kuandika. "Manong, yeye ndiye pekee aliyetaka ujue. Wenzake walimkataza."

Nerissa alimkata jicho, lakini neno lilikwisha kutoka. Esteban aligeuka polepole akamtazama sajini, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Wenzake?"

Hapakuwa na namna ya kulirudisha.

"Sir Ramil na Ma'am Divina," alisema Nerissa. "Walijua tangu siku ile. Nao wanahojiwa, Manong. Hilo nakuahidi."

Chumba cha pili simu iliita, ikakatika.

"Luz alikuwa anapika suman," alisema Esteban. "Watu walikuwa wanatoka Molo kuja kununua. Alipokufa nikajifunza mwenyewe kuupika ule wali na kuufunga majani ya mgomba. Kila ikifika siku aliyofariki napeleka ofisini, niwashukuru kwa walivyomhangaikia. Mara tatu nimepeleka. Mwezi uliopita Doktora alikula vipande viwili, akasema mwaka huu umepatia, Manong, kama vya marehemu."

Alimtazama Inspekta usoni.

"Na hao wawili nao walikula."

Nerissa alimsogezea maelezo na kalamu. Esteban aliuliza atie sahihi wapi, akaonyeshwa, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa kubwa, bila haraka.