Zawadi Iliyorudishwa

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, fundi alimwagilia maua yake. Yalikuwa vinka, meupe, yenye jicho jekundu katikati. Aliyatoa nyumbani kwa mama yake. Sasa mama alikuwa marehemu na nyumba ile ilikuwa ya watu wengine. Maua hayo ndiyo urithi wake, na aliyapenda kupita kiasi.

Alikuwa na desturi yake. Mtu akimtendea wema, alimkatia kitawi cha vinka akapande kwake.

"Asante ya mdomo hupita," alizoea kusema. "Hii inaota."

Mwaka huo mche mmoja ukaja na mambo mapya. Ulitoa maua ya kijani. Vitawi vyake vilisongamana kama ufagio. Mumewe alipouona, alicheka.

"Mke wangu, hilo ni ua au mboga?"

"Wivu tu huo! Nani mwingine mtaani ana ua la kijani?"

Aliona amepata bahati. Akaukata vitawi, akawapa watu watatu: jirani aliyempikia alipougua, mwalimu wa binti yake, na mtunza bustani wa zahanati aliyemletea mbolea.

Baada ya wiki kadhaa, mtunza bustani alipiga hodi. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba.

"Karibu, kaka."

"Asante, dada. Nisamehe, nimerudisha zawadi yako."

Mguu wa fundi ulisimama juu ya pedali. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kurudishiwa zawadi.

"Imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Inaumwa."

"Inaumwa vipi, na imestawi hivyo?"

"Hapo ndipo unapotudanganya ugonjwa huu. Unaitwa fitoplazma. Ni vijidudu vidogo mno, macho hayavioni. Vinakaa ndani ya mishipa inayopitisha chakula cha mmea. Ua linasahau kuwa ua, linageuka jani."

"Vimeingiaje kwangu?"

Mtunza bustani akachuchumaa, akatikisa mche mmoja wa fundi taratibu. Vidudu vya kijani, vidogo kama ufuta, vikaruka.

"Hawa wanafyonza utomvu wa mmea mgonjwa, kisha wanahamia mzima na kuuambukiza. Wanajificha kwenye magugu pia. Na sisi watu tunawasaidia. Tukikata kitawi cha mmea mgonjwa, tumepanda ugonjwa."

Fundi alijishika kifua. "Basi nipe dawa ninyunyize."

"Dawa itapunguza wadudu, lakini mmea haitauponya. Ukikata vitawi vibaya, ugonjwa unabaki kwenye shina. Mmea mgonjwa ufunike kwa mfuko, uung'oe na mizizi yake, kisha uuzike au uuchome."

Wakakagua miche yote. Michache ilikuwa na maua ya kijani. Mingine ilikuwa na majani madogo ya manjano. Hapakuwa na mche hata mmoja wa kuaminika.

"Kaka, haya ni ya mama yangu," fundi alisema, machozi yakamtoka.

"Pole sana, dada. Laiti ningekuwa na njia nyingine."

Aling'oa yote siku hiyo. Kazi ngumu zaidi ilikuwa ile ya kuwaendea aliowapa. Aliona haya, akataka kunyamaza. Mumewe akamwambia, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Nenda, mama."

Jirani alicheka sana. "Leo unanipa, kesho unaninyang'anya! Haya, chukua ua lako, ila na mimi chakula nilichokupikia nakidai!" Mwalimu naye alimshukuru kwa kumwahi, kwa maana bustani ya shule ilikuwa imejaa vinka.

Jioni binti yake akauliza, "Mama, na bibi mkunga je? Si ulimpa nilipozaliwa?"

Fundi alishtuka. Miaka minane ilikuwa imepita. Kesho yake alikwenda hadi upande wa pili wa mji kumwonya. Mkunga mstaafu alimpeleka nyuma ya nyumba. Fundi akasimama pale pale. Maua meupe, yenye jicho jekundu, yalijaa ukuta mzima. Aligeuza majani, akatazama vitawi, akatafuta wadudu. Yote yalikuwa mazima.

"Mimi nilikuzalisha binti," mkunga alisema, "nawe ukaniachia ua lizae kwangu. Chukua mbegu. Ni za mama yako."

Fundi alimkumbatia.

Mtunza bustani alimwelekeza tena. "Udongo hauna ugonjwa huu, panda pale pale. Ila magugu yang'oe kila wiki, na ukiona jani au ua la ajabu, usisubiri." Fundi akaotesha mbegu. Siku hizi kabla ya kumwagilia hukagua kwanza, mche kwa mche.

Maua ya kwanza yalipochanua, meupe, alichimbua mche ulionawiri kuliko yote. Akaupeleka zahanati, kwenye kopo alilolizungushia kipande cha kitambaa.

"Kaka, mwingine angeutupa wangu kimya kimya. Wewe ulikuja kuniambia. Mungu akuweke."

Mtunza bustani aliupokea kwa mikono miwili. Aligeuza majani moja baada ya jingine, huku fundi akimtazama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kisha akatabasamu.

"Asante, dada. Huu siurudishi."