Sauti Kutoka Juu ya Paa

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare za shule, Kasuku alikwenda kanisani kufagia. Kasuku halikuwa jina lake, ila hata mwalimu wake wa darasa alishalisahau lile la kwenye rejista. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye koo la ajabu: alimwigiza mwalimu mkuu akipiga chafya, muuza mkaa akiita wateja, hata mbuzi wa jirani akikataa kufungwa. Rafiki yake Miwani alifagia naye, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kucheka mpaka ufagio umponyoke.

Siku hizo kanisani hapakuwa na mengi ya kuchekesha. Mchungaji wao wa miaka mingi alikuwa amestaafu, na wakuu wa kanisa wakaleta mchungaji wa muda. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuwashika mkono waumini hadi wampate mchungaji mpya, kisha aende zake.

"Mimi ni mtu wa kupita," aliwaambia siku ya kwanza. "Nisaidieni tusikilizane, mchague vizuri."

Watu walimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia chumbani na viatu vyenye matope. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kabla ya kila neno alikohoa mara mbili kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Jumamosi hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kasuku alipomaliza kupangusa mimbari, akaitazama maikrofoni. Maikrofoni nayo ikamtazama.

"Usianze," Miwani alisema, tayari anacheka.

"Umeme wenyewe hakuna, unaogopa nini?" Kasuku akanyoosha shingo, akakohoa mara mbili. "Wapendwa, taratibu, taratibu. Kuanzia Jumapili ijayo, kwaya ya akina mama imevunjwa. Sauti zao zimechakaa. Na wazee wote wahamie benchi za nyuma, karibu na mlango, wasitucheleweshe wakati wa kutoka."

Alikuwa amenogewa mno na koo lake. Alipofunga mdomo ndipo aliposikia maneno ya mwisho yakizunguka nje, juu ya paa, kwenye kile kipaza sauti kikubwa kinachoelekea sokoni. Miwani aliacha kucheka. Kwenye mashine ya sauti, taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Umeme ulikuwa umerudi kimyakimya, na hakuna aliyejua ni saa ngapi.

Walizima, wakatokea mlango wa nyuma, wakakimbia bila kuagana.

Kasuku aliporudi nyumbani mchana, alimkuta bibi yake ameketi kitandani anakunja sare yake ya kwaya. Aliikunja polepole, akaitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Unaipeleka wapi, Bibi?"

"Naenda kuirudisha kesho. Nimeiongoza ile kwaya tangu kabla mama yako hajazaliwa. Kumbe sauti yangu imechakaa."

"Labda mchungaji hakusema hivyo."

"Nimesikia mwenyewe, nikiwa sokoni nachagua nyanya. Na kile kikohozi chake, nani asiyekijua?"

Hapo ndipo Kasuku alipopaswa kusema. Mdomo ulifunguka, ukatoka mwayo.

Jioni akaja mwenyekiti wa wazee wa kanisa, fundi cherehani ambaye futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akiwa anasali. "Kesho baada ya ibada tunamfungashia virago, dada," alimwambia Bibi. "Vijana wanamtetea. Wakishinda, wabaki naye, sisi tutasali kwingine." Kasuku aliwaletea chai. Kanisa zima lilikuwa linapasuka katikati, na ufa ulianzia kwenye koo lake.

Asubuhi Miwani alimvuta nyuma ya ukuta wa kanisa. "Tukinyamaza yataisha."

"Yataisha mchungaji akiwa wapi?"

Miwani alifuta miwani yake, ingawa haikuwa na vumbi.

Baada ya ibada, mchungaji wa muda aliomba benchi zigeuzwe zitazamane. Ndivyo alivyoendesha vikao vyake vyote, watu waonane nyuso. Siku hiyo walionana vizuri mno: wazee huku, vijana kule, na katikati sakafu tupu.

Fundi cherehani akasimama. "Mchungaji, yale maneno ya jana, umesema au hukusema?"

Kikohozi mara mbili. "Sikusema. Wakati huo nilikuwa kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Aliniomba nisimtaje. Sitamtaja."

"Basi shahidi wako ni mgonjwa asiye na jina," fundi alisema, na watu wakacheka kicheko kibaya.

"Aondoke leo," mtu akasema kutoka upande wa wazee.

"Akiondoka tunaondoka naye," vijana wakajibu, na benchi zikakwaruza sakafu.

Mchungaji aliinama akachukua mkoba wake. "Kama kukaa kwangu kunawagawa, wapendwa..."

Kasuku akamtazama Bibi, na ule mfuko wa plastiki mapajani. Akasimama. "Ni mimi," alisema, lakini sauti ilikwama, ikatoka kama ya panya.

"Kaa chini, mtoto. Wakubwa wanaongea," fundi akamkemea.

Hakukaa. Akafumba macho, akakohoa mara mbili. "Wapendwa, taratibu, taratibu. Kwaya ya akina mama imevunjwa."

Kanisa zima likageuka kumtazama mchungaji. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Nilifikiri umeme haupo," Kasuku alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, huku machozi yakimshuka. "Yeye hakusema kitu. Nilikuwa natania."

Miwani akasimama. "Na mimi ndiye niliyecheka."

Mchungaji akauweka mkoba chini. "Hivi kweli nakohoa hivyo?"

"Unakohoa hivyo hivyo," Bibi alijibu, na watu wakapumua.

"Umekosea, mwanangu, na kosa lako si dogo," mchungaji alimwambia Kasuku. Kisha akawageukia wakubwa. "Lakini nanyi, hakuna aliyekuja kuniuliza. Mliamini haraka kwa sababu mlikuwa mnaogopa tayari, tangu mchungaji wenu aondoke. Kabla ya kumtafuta mwingine, hebu tuambiane leo tunaogopa nini."

Fundi cherehani aliivuta futi yake, akaizungusha kidoleni. "Naogopa atakayekuja ataniona sina kazi tena kanisani," alisema mwishowe. Kijana mmoja akakiri kuwa wao waliogopa kutosikilizwa kamwe. Bibi akasema, "Mimi naogopa kuambiwa nimezeeka." Waliongea hadi jua likahamia dirisha la pili, na walipomaliza, wazee na vijana walichagua kamati moja ya kumtafuta mchungaji mpya. Bibi na yule kijana wakawekwa humo pamoja. Mkoba wa mchungaji ulibaki sakafuni mpaka mtu akajikwaa nao.

Jumamosi iliyofuata Kasuku alisimama tena mimbarini kuomba radhi mtaa mzima. Bibi alikuwa kando yake, amevaa sare ya kwaya yenye mikunjo.

"Bibi, naogopa."

"Ogopa tu, lakini sema. Kuchekesha watu ni kipaji, sikukatazi. Ila mzaha wako ukimwangusha mtu, nenda ukamwinue wewe mwenyewe, tena mapema. Usingoje mpaka ameshika mkoba wake."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Na utumie sauti yako."

Kasuku akahakikisha kwanza kwamba ile taa nyekundu inawaka. Kisha akaanza kusema.