Mtindi wa Chumba cha Mawe

Maziwa yaliganda kabla chai haijachemka. Cecilia alikuwa ameiacha ndoo kwenye chumba cha mawe nyuma ya nyumba, na aliporudi kuyatia chachu alikuta mtindi tayari, mzito, mafuta ya manjano yakielea juu. Akaonja kwa kidole. Ulikuwa mtamu kuliko wa mama yake kule Kibosho, na Cecilia hakuwa mtu wa kuihoji riziki imetoka wapi.

Chumba kile kilikuwa kikongwe kuliko mtaa wenyewe. Zamani kilima hiki kiitwacho Observatory kilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa. Johannesburg ikakipanda taratibu, ikayakata malisho kuwa barabara, ikasimika robot, yaani taa za kuongozea magari, pale ng'ombe walipokuwa wakinywa maji, hadi kikabaki chumba cha kukamulia peke yake ndani ya ua wa watu. Marehemu mume wa Cecilia, mkimbizi wa siasa aliyemwoa Morogoro na kurudi naye kwao, alikifanya stoo. Wenye shamba waliondoka na hati zao. Kilichokuwa kikiishi na ng'ombe, hakuna aliyekiaga.

Ndani ya wiki tatu Wakongo na Watanzania walikuwa wanapanga foleni getini kununua mtindi. Cecilia alionja kila ndoo, mwanzoni kikombe, baadaye jagi zima. Ugali ukawa unamkinaisha.

Ndipo asubuhi moja mjukuu wake Eva, mwenye miaka sita, akaja jikoni kichwa kimelowa. Nywele zote zilikuwa zimelazwa upande mmoja, zimegandamana kwa udenda mzito unaonuka majani yaliyocheuliwa. Cecilia alimwosha. Kesho yake ikawa vilevile, na safari hii hata masikio yalikuwa yamejaa ute. Siku ya tatu ngozi ya shingo ilikuwa nyekundu kama iliyopigwa msasa, na nyusi za upande mmoja hazikuwepo.

Mtoto alieleza kwa Kiingereza chake kwamba kuna kitu huja kumlamba, kina joto, na kinampenda. Mama yake, Lerato, ambaye mumewe, mwana wa Cecilia, alikuwa kazini Durban, akaomba mtindi ule umwagwe wote. Cecilia akamwambia asafishe chujio kwanza, maana kila asubuhi yeye Cecilia alikuwa akitema unywele.

Hata hivyo hofu ilimpeleka mjini kwa Othmani, fundi cherehani wa Kitanga aliyejua pia kusomea maji. Othmani alikuja, akafukiza ubani, akaingia chumba cha mawe na kutoka mbio ameziba pua.

"Mama, huyu jini alikuwa na ng'ombe wanaokamuliwa huku ndama wao wamefungiwa kwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Mmekunywa maziwa yake, sasa anadai ndama. Na hatembei kwa miguu yake. Kikulacho ki nguoni mwako."

Cecilia akatupa jicho dirishani, ambako Lerato alikuwa akisuuza vikombe. Mama mkwe haambiwi mara mbili.

Akakumbuka ya kwao. Ndama akifa, ngozi yake hujazwa majani makavu na kusimamishwa mbele ya mama yake. Ng'ombe akishailamba, maziwa hushuka. Othmani akasema hiyo ndiyo njia, na atakayemlamba ndama huyo atajulikana asubuhi. Akalishona gauni la Eva lenye vifungo vya buluu, akalijaza nyasi kavu, na kichwani akashonea nywele walizomkata mtoto zikiwa bado na utelezi. Wakalilaza chumba cha mawe jua likizama. Cecilia akanywa jagi lake la kutuliza moyo, akalala.

Asubuhi Eva aliamka mkavu, nywele zimesimama. Cecilia alimkumbatia akalia kwa furaha. Kisha akaenda nyuma. Mwanasesere alikuwa amelambwa mpaka kichwa kimebaki kipara, kifua kimechanika, nyasi zinachuruzika udenda, na kifungo cha juu hakipo. Akarudi mbio mpaka chumbani kwa Lerato, akamshika taya.

"Fungua mdomo."

Lerato, usingizi ungali machoni, akafungua. Ulimi ulikuwa safi. Cecilia akataka kusema neno, lakini kitu kikagonga meno yake mwenyewe. Akatema kiganjani. Kilikuwa kifungo cha buluu, na nyuma yake likafuata donge la nyasi zilizotafunwa, limesukwa na nywele za mtoto. Kilichomtia kinyaa kuliko vyote ni kwamba taya lilitaka kuendelea kutafuna.

"Gogo," Eva akamwita bibi yake kutoka mlangoni, na Cecilia, mwenye miaka sitini na minne, akahisi maziwa yakimshuka kifuani na kulowesha kanga.

Akarudi nyuma mpaka ukutani. Lerato alikuwa amezoea Kiswahili cha nyumba ile, na maneno ya Cecilia aliyaelewa yote.

"Mwanangu, nisamehe. Mpeleke mtoto kwa dada yako Kensington, sasa hivi. Nikija kumwita, hata nikilia, usinifungulie."

Lerato alimbeba mtoto, na getini Eva akang'ang'ania chuma akimlilia bibi yake mpaka mama yake alipomwachanisha vidole. Gari likashuka mlima. Cecilia alisimama akilitazama mpaka lilipokata kona kwenye robot, na akamshukuru Mungu kwamba mtoto amepona.

Ndipo alipohisi ubaridi ulimini. Alikuwa akililamba geti, pale palipokuwa na mkono wa Eva.