Bawa la Kushoto

Maiti ya Roland Pashley ilikutwa chini ya ngazi za jukwaa, katika ukumbi wa kanisa mtaani Carlton, Nottingham, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilikuwa imekauka kwenye ukingo wa ngazi ya chini. Mezani, hatua mbili tu kutoka pale, sanamu ndogo ya mchawi mwenye joho la buluu ilikuwa imempanda mnyama wake, nusu tai nusu simba, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Amekufa jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Ameanguka kinyumenyume. Kifuani ana michubuko miwili, ukubwa wa viganja."

"Kasukumwa."

"Kasukumwa."

Inspekta Maureen Tansley alikuwa na miaka ishirini na miwili katika upelelezi na hakujua lolote kuhusu vita vya mezani. Akamwita aliyeikuta maiti, Kulwant Sahota, katibu wa klabu.

"Hivi nyinyi watu wazima mnacheza na vidoli?"

"Si vidoli, mama inspekta. Ni majeshi." Sahota alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Kila mtu anaunda jeshi lake, analipaka rangi, analileta vitani. Mwendo tunapima kwa rula, bahati tunaiachia dadu. Huyu hapa ndiye kigogo wao. Anaruka juu ya safu za adui, anatua nyuma yao, anawaloga kabla hawajageuka."

"Na akikosea?"

"Mzinga mmoja tu, kwisha habari yake. Roland alimpoteza kila mechi. Alikuwa anamwanika hewani kama shati kwenye kamba! Ungedhani hajui yule ni wa kufichwa nyuma ya msitu mpaka zamu yake ifike."

"Lakini ndiye aliyemuunda?"

"Ndivyo alivyoandika kwenye jarida letu. Mwezi uliopita alimpatia kikombe cha sanamu bora."

Funguo za ukumbi zilikuwa tatu. Moja ya Pashley. Ya pili ya Sahota, ambaye jana yake alikuwa kwenye harusi ya dada yake huko Leicester, akicheza ngoma vibaya mbele ya watu mia mbili. Ya tatu ilikuwa ya Neville Orgill, fundi mitambo mstaafu, aliyepanga meza za mchezo na Pashley kwa miaka thelathini.

Tansley aliinama mezani. Bawa la kushoto lilikuwa limelala upande. Penye ungio, gundi ilikuwa imeganda madoa meupe.

"Sanamu nzima ipelekwe maabara," alisema.

Majibu yalikuja Jumatatu asubuhi. Mtaalamu wa maabara alionekana kuvutiwa.

"Bawa lilivunjika, likarudishwa. Aliyelirudisha ametoboa tundu jipya na kupitisha waya wa shaba, maana bawa zito hivi halishikwi na gundi peke yake. Huyo ni fundi hasa. Lakini gundi imemwagika kote na waya umekwenda mshazari. Utadhani kazi ya mlevi."

"Alama za vidole?"

"Dole gumba, nusu, ndani ya gundi. Si la Pashley. Na chini ya gundi kuna tone la damu. Hilo ni la Pashley."

Basi mtu alikuwa amemwona Pashley akivuja damu, kisha akaketi kutengeneza sanamu.

Orgill alimpokea yeye na sajini wake jikoni kwake. Birika lilikuwa limechemka.

"Jimiminie mwenyewe, mama," alisema. Mikono yake ilibaki chini ya meza.

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

"Televisheni."

"Yule mnyama wa mchawi, bwana Orgill. Ana nyaya ngapi ndani yake?"

"Tatu. Moja kwenye ukucha unaoshika mwamba, ndio unaobeba uzito wote. Na moja kwa kila bawa."

"Pashley aliandika kwamba alitumia gundi tupu."

Orgill aligeuka kulitazama birika.

"Na picha ya eksirei inaonyesha nyaya nne," alisema Tansley. "Toa mikono, tafadhali."

Orgill akaitoa. Ilitetemeka juu ya kitambaa cha meza kama kitu kisicho chake. Kwenye dole gumba la kulia ngozi ilikuwa imebanduka, pale gundi ilipong'olewa.

"Miezi kumi na mmoja," alisema. "Ugonjwa ulikuwa umeanza. Nilijua huyo ndiye wa mwisho. Nilimchonga kila unyoya. Yakabaki macho na pindo la joho, mkono ukakataa. Nikampa Roland amalizie. Rafiki yangu. Akampeleka mashindanoni kwa jina lake."

"Ijumaa kulitokea nini?"

"Nilimwomba aandike majina mawili kwenye kadi ya sanamu. Sikutaka kikombe. Akacheka. 'Nev, nani atakuamini? Hata kikombe cha chai hukishiki!' Alikuwa juu ya ngazi, kamshika mchawi mkononi. Nikamsukuma. Wakaanguka wote wawili."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana."

Sajini aliyekuwa akiandika aliinua kichwa.

"Alikuwa anapumua," alisema Orgill. "Kwa sauti. Nikaliokota bawa. Nikatafuta keekee yangu ndogo, nikatoboa. Tundu lilinishinda mara mbili. Gundi ile inataka ushikilie dakika tano bila kuachia. Nikashikilia. Nilipoachia, nikasikia ukumbi umenyamaza."

"Simu ilikuwa ukutani, karibu nawe."

"Ilikuwepo."

"Kwa nini hukupiga?"

Mzee alifikiri, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hajawahi kujiuliza.

"Roland wangeweza kumtengeneza wengine," alisema mwishowe. "Hospitali wapo. Yule hakuwa na mwingine ila mimi."

Tansley alimsomea haki zake. Kisha akamletea koti kutoka mlangoni, akamfunga vifungo kimoja kimoja, maana mwenyewe hakuweza, ndipo akamtia pingu.