Seva ya Akiba

Haya yalimpata rafiki yangu Ratri, fundi wa kompyuta kwenye benki ya damu huko Semarang. Barua pepe za hospitali zinazoomba damu hujaribu kwanza seva kuu. Isipoitika, hupitia ile ya akiba, ambayo awali ilikaa kwenye ghala la chini. Alasiri moja seva kuu ilizimika. Ratri alikuwa bado ameshika kichwa pale Bagas, mwenzake, ambaye humwita Mbak, yaani dada, alipompigia simu.

"Tulia, Mbak. Barua zote zinaingia kupitia akiba."

"Akiba ipi, Gas? Ile niliing'oa mwenyewe mwezi uliopita."

"Basi imejirudisha. Nenda kaitazame."

Akashuka, simu sikioni. Taa za ghala hazikuwaka, na mle gizani feni ya mashine ilikuwa ikivuma. Akamulika tochi kule mvumo ulikotoka. Rafu ilikuwa tupu, hata waya hamna. Akanyoosha mkono, upepo wa moto ukampiga kiganjani, na mvumo ukakatika.

"Mbak, mbona umeizima?" akauliza Bagas. "Kuna ombi la mama anayejifungua, limekwama."

Ratri akauondoa mkono taratibu. Kwenye rafu tupu, feni ikaanza kuvuma tena.